Pointi ya Saba

Katika Idara ya Maji walimwita Bi Mashaka, na hawakumwonea. Alikuwa mhandisi ambaye akiambiwa mvua inanyesha, hutoa mkono dirishani kwanza. Risiti aliisoma mbele na nyuma. Chai ya ofisini aliinusa kabla ya kuinywa, na mtu asiyemsalimia kila siku akimsalimia, alishinda akijiuliza yule anataka nini. Ndiyo maana meneja alipotafuta mtu wa kuongoza kamati ya kuchagua programu, hakuumiza kichwa.

"Mpeni yeye," alisema. "Huyu hata kivuli chake hukiomba kitambulisho."

Programu yenyewe ilikuwa ya kuiga mtandao wa mabomba ndani ya kompyuta. Unaipa ramani, urefu na upana wa kila bomba, nguvu ya pampu na matumizi ya watu, nayo inakuambia maji yatafika wapi na kwa presha gani. Idara ilitaka kufunga pampu kubwa mpya ya kupeleka maji mtaa wa kilimani, ambako mifereji ilikuwa ikikohoa hewa kwa miaka kumi na miwili. Kabla ya kuifunga ilibidi wajue mabomba yapi yatahimili na yapi yatapasuka. Kwa kazi ya namna hiyo, programu mbovu ni bora usiwe nayo kabisa, maana usipokuwa nayo angalau unaogopa.

Wauzaji walikuja wengi, wakachujwa, wakabaki wawili. Wa kwanza alikuwa mama mmoja, mhadhiri mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeitetea programu ya bure inayotumika vyuoni. Haikuwa na rangi wala madaha. Wa pili alikuwa kijana wa kampuni moja inayouza programu ya leseni, suti ya kubana, viatu vya kujitazamia. Ofisi nzima ilimbatiza Mtanashati kabla hajamaliza kupanda ngazi. Programu yake ilionyesha maji yakitiririka rangi ya samawati, valvu zikizunguka, na juu ya tangi ndege wakipita.

"Ndege wanatusaidia nini?" aliuliza Bi Mashaka.

"Ni pambo tu, Mhandisi."

"Hm," alisema, akaandika kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Akabuni mtihani. Yeye na fundi mmoja tu walizunguka mji na geji, wakapima presha kwenye pointi nane saa sita mchana. Presha waliihesabu kwa mita, yaani maji yangepanda juu kiasi gani kama bomba lingesimamishwa wima pale. Majibu aliyaandika kwenye daftari dogo, daftari likaingia mkobani, na mkoba akalala nao. Kila muuzaji alipewa ramani ile ile na takwimu zile zile, akaambiwa: haya, sasa wewe tuambie presha ya saa sita ilikuwa ngapi.

Fundi huyo alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake wa toka nitoke. Idara yote ilimwita Spana. Alikuwa amezungusha valvu za mji huo zaidi ya miaka thelathini, na ilibaki miezi mitatu astaafu. Alikuwa mtu wa mzaha; akishuka kwenye shimo la valvu huaga kama anakwenda safari. Baba yake Bi Mashaka alipofariki, ni Spana aliyemsindikiza shule, na ni Spana aliyemleta mpaka geti la idara na cheti chake kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki kisilowe. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja ambaye Bi Mashaka hakuwahi kumnusia chai yake, naye ndiye huyo.

Siku ya majibu, mama mhadhiri alitangulia. Pointi saba kati ya nane alizipata, akitofautiana na daftari kwa mita moja au mbili, kosa la kibinadamu. Pointi ya saba, iliyoko kilimani, aliikosa vibaya. Alisema thelathini na nane. Daftari lilisema kumi na moja. Akafuata Mtanashati, akazitaja zote nane kama mtoto anayesoma jedwali la kuzidisha. Na ile ya saba? Kumi na moja nukta mbili.

Kamati ikapiga makofi. Meneja akasema, "Basi, kazi imekwisha." Bi Mashaka hakupiga makofi.

Ramani ile aliijua kuliko kiganja chake. Sehemu ya kilimani aliichora yeye mwenyewe miaka kumi na miwili nyuma, kazi yake ya kwanza. Kwenye ramani ile hakukuwa na njia yoyote ya kupata kumi na moja. Ukipiga hesabu kwa programu, kwa kalamu au kwa mawe, utapata thelathini na nane. Siku walipopima na geji ikagoma kwenye kumi na moja, yeye alisonya, akasema watu wa kilimani ni wezi, wamejiunganishia mabomba njiani. Mjomba aliendelea kufuta geji kwa shati lake.

Kompyuta haioti ndoto. Mtu anayepata kumi na moja ambayo haimo kwenye ramani, ameiona mahali. Na kumi na moja hiyo ilikuwa mahali pawili tu: ndani ya daftari, na ndani ya kichwa cha mjomba wake.

Alifunga mlango wa ofisi akakaa na jambo hilo. Ikiwa Mjomba ameuza majibu, atafukuzwa miezi mitatu kabla ya kustaafu, aondoke kama mwizi mahali alipoachia ujana wake. Na barua ya kumshtaki ataiandika mwenyekiti wa kamati, yaani yeye. Alitamani asijue. Lakini ukimpa Bi Mashaka uzi, atavuta mpaka sweta liishe.

Alianza na katibu muhtasi, mwanamke aliyejua kila kitu na ambaye hakuwahi kusema lolote bila kusema kwanza kwamba hasemi.

"Mimi simo, dada. Usinitie maneno mdomoni."

"Sijakutia. Nakuuliza tu. Yule Mtanashati huwa anaongea na nani hapa?"

"Mimi simo," alirudia katibu, akasogeza kiti karibu. "Ila nimemwona pale kwenye kibanda cha chai. Mara mbili. Na mjomba wako. Na chai analipa kijana."

Mlinzi wa getini alithibitisha, tena akaongeza chumvi: mara ya pili walikaa mpaka chai ikapoa, na Spana hakutania hata kidogo. Spana asiyetania! Kisha, kama kwamba hayo hayatoshi, mlinzi akasema, "Na buti mpya kavaa, umeziona?" Bi Mashaka alikuwa ameziona. Buti nyeusi, ngozi nene, si zile za stoo. Dalili ya mvua ni mawingu, na hapo mawingu yalikuwa yamejaa mpaka dirishani.

Jumapili alipanda kilimani kwa mama yake. Mfereji wa uani ulikuwa mkavu kama kawaida, na jikoni kulikuwa na madumu mawili ya maji yamefunikwa sahani.

"Mama, buti za Mjomba kazipata wapi?"

"Salamu zimekwisha dukani?" mama yake aliuliza.

"Shikamoo, Mama. Buti kazipata wapi?"

"Marahaba. Nimemnunulia mimi. Kila Jumamosi kaka yangu ananipandishia madumu haya mawili kwa miguu, miaka yote hii, umesahau? Zile za zamani zilitoboka. Zimekukosea nini?"

Bi Mashaka alimtazama mama yake usoni, akaona mwanamke ambaye angeweza kusema uongo kwa ajili ya kaka yake bila hata kupepesa jicho. Damu nzito kuliko maji, alijiambia, hasa mtaa ambao hayo maji yenyewe hayapo. Aliaga bila kumaliza soda yake.

Sasa hakubakiwa na lingine ila mtego. Jumatatu alimkuta Mjomba karakana, akisafisha nyuzi za valvu kuukuu.

"Mjomba, ile pointi ya tatu tulikosea. Geji ilikuwa na hitilafu. Nimeshasahihisha: si ishirini na mbili, ni ishirini na tisa. Nitawaita wauzaji Ijumaa warudie hesabu, nione. Iwe siri yangu na wewe."

Hakukuwa na hitilafu yoyote. Ishirini na tisa aliizua akiwa anapiga mswaki asubuhi. Ikiwa Ijumaa Mtanashati angekuja na ishirini na tisa, basi njia ingekuwa imejulikana.

Mjomba aliacha kusafisha. Alimtazama kwa muda.

"Ishirini na tisa," alisema.

"Eeh."

"Haya, mwanangu. Ukisema wewe."

Akarudi kwenye nyuzi zake. Bi Mashaka alitoka akiwa na ladha mbaya mdomoni, akaenda kuisukutua bafuni, haikutoka.

Ijumaa mama mhadhiri alirudia yale yale, na Mtanashati naye yale yale. Pointi ya tatu: ishirini na mbili. Pointi ya saba: kumi na moja nukta mbili. Bi Mashaka alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Jumatatu. Mjomba hakuuza. Karibu acheke mbele ya kamati. Lakini furaha yake haikufika hata mlangoni, maana mtu wa mashaka ni mtu wa mashaka: je, kama alinusa mtego? Na kama hakuuza, kumi na moja imetoka wapi? Alimkamata Mtanashati kwenye ngazi.

"Kijana, nitakuuliza mara moja. Kumi na moja umeipata wapi?"

Mtanashati alionekana kufurahi kwamba hatimaye ameulizwa. "Mhandisi, kila mji nikifika, kabla sijafungua kompyuta, namtafuta fundi wa valvu namnywesha chai. Namuuliza swali moja tu: valvu gani ramani inasema iko wazi, na wewe unajua haiko wazi? Wengi hucheka. Mjomba wako hakucheka. Siku ya kwanza aliondoka bila kujibu. Siku ya pili akaniambia: ile ya njia panda ya kilimani imebanwa robo tatu. Nikaibana kwenye programu, ikaja kumi na moja. Masharti yako hayakukataza kuuliza."

"Imebanwa na nani? Kwa nini?"

"Nilimuuliza. Akasema hilo si la kwangu."

Bi Mashaka alirudi ofisini, akafungua ile programu ya bure ya mama mhadhiri, akaitafuta valvu ya njia panda, akaibana robo tatu. Dakika tano hazikupita. Kumi na moja nukta nne. Programu zote mbili zilikuwa na akili sawa. Mmoja tu ndiye aliyeuliza. Na yeye aliyejiona mjanja wa kuwatahini wenzake alikuwa amewapa wote wawili ramani ya uongo, yenye sahihi yake chini.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofika njia panda. Kifuniko cha shimo la valvu kilikuwa wazi, na kofia ya Mjomba ilionekana ikipanda na kushuka. Alikuwa akizungusha ufunguo mrefu wa chuma.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Hakushtuka. "Nilijua utakuja. Sikujua siku."

"Unafunga?"

"Jioni naifunga yote. Asubuhi naifungua robo. Ndio utaratibu wangu na yeye," alisema, akaipigapiga valvu kama mtu anayempigapiga ng'ombe. Kisha akapanda, akakaa ukingoni, miguu ikining'inia shimoni. "Bomba la kilimani unalikumbuka?"

"Nililichora mimi."

"Ulipiga hesabu ya huku chini. Ukapiga ya kule juu. Katikati je?"

Bi Mashaka aliifuata njia ya bomba kichwani. Katikati kulikuwa na bonde. Bomba linashuka kwanza, linapita chini ya ukuta wa shule ya msingi, ndipo linapanda kilima. Na maji yakiwa bondeni ndipo presha inapokuwa kali kuliko mahali pote. Yeye alichagua bomba jembamba la ukuta mwepesi kwa njia nzima, kwa sababu lilitosha mwanzoni na lilitosha mwisho. Alikulia mji huo. Alicheza kwenye bonde lile mpaka magoti yakachubuka. Alilisahau kwa sababu kwenye karatasi lilikuwa mstari ulionyooka.

"Wiki ya kwanza lilipasuka," alisema Mjomba. "Wewe ulikuwa likizo ya harusi yako. Nikaliziba, nikaibana hii. Nikaona likipumua nusu pumzi halipasuki."

"Na hukuniambia!"

"Ulikuwa kwenye majaribio ya kazi, mwanangu. Wangekurudisha nyumbani. Nikasema ngoja wamthibitishe. Wakakuthibitisha. Nikasema ngoja akomae. Ukakomaa mpaka ukawa bosi wangu." Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na mzaha. "Bosi anaambiwaje mambo kama hayo? Dada yangu nikamkaushia mfereji kwa mkono wangu. Nikawa nampandishia maji, basi. Sasa nastaafu. Nani atakuja kuifunga kila jioni? Na mnaleta pampu kubwa, maji yatashuka lile bonde kwa nguvu zote, watoto wako darasani. Yule kijana aliponiuliza, nikasema mgeni njoo mwenyeji apone. Aseme yeye."

Bi Mashaka aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miaka kumi na miwili alikuwa amewaita watu wa kilimani wezi wa maji, pamoja na mama yake mzazi. Nyani haoni kundule, na yeye hakuwahi hata kugeuza shingo.

Jumatatu alisimama mbele ya kamati, akasoma ripoti aliyoiandika kwa mkono. Programu yoyote kati ya hizi mbili inafaa. Ichukuliwe ya bure. Mtanashati aajiriwe kwa miezi mitatu, atembee na fundi Spana valvu kwa valvu, kila moja iandikwe kama ilivyo na si kama ilivyochorwa. Pampu mpya isifungwe mpaka bomba la bondeni libadilishwe.

Meneja alikunja uso. "Ngoja. Valvu ya njia panda aliibana nani bila kibali?"

Mjomba, aliyeitwa kikaoni na ovaroli yake, aliinuka kwenye kiti cha nyuma. "Mimi. Ni uzembe wangu tu, bosi."

"Kaa, Mjomba," alisema Bi Mashaka. "Aliibana kuokoa ukuta wa shule. Bomba la bondeni nililichagua mimi, nikalikosea. Kosa ni langu, toka siku ya kwanza."

Meneja alitazama meza, kisha akasema uenyekiti wa mradi atampa mtu mwingine, na suala lake litakwenda kwa wakubwa. Bi Mashaka aliitikia kwa kichwa. Alitegemea kuumia zaidi ya hapo. Alijisikia mwepesi, karibu kama mtu aliyepona homa, na alipotoka alimtafuta Mjomba kwa macho. Alimkuta ukumbini, karibu na dirisha, akimsubiri Mtanashati.

"Mjomba, nimesema. Hutabeba tena mzigo wangu."

"Ule haukuwa mzigo," alisema Mjomba. "Mzigo ni ishirini na tisa."

Bi Mashaka alisimama pale pale.

"Geji ya pointi ya tatu niliisoma mimi. Wewe ulikuwa unaandika tu ninayokutajia. Ilikuwa ishirini na mbili, na geji ilikuwa nzima. Niliipima mwenyewe asubuhi ile. Uliponiambia ishirini na tisa nikakutazama, nikaona unanitazama kama unavyomtazama mwenye duka akihesabu chenji." Hakupandisha sauti. "Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu nimeshiba. Sikuwa nimekula."

"Mjomba, nilikuwa..."

"Ulimuuliza katibu. Ukamuuliza mlinzi. Ukapanda mpaka kwa dada yangu ukamuuliza buti. Mimi niko karakana, hatua ishirini kutoka mlango wako. Hukuniuliza."

Mtanashati alitokea na begi lake la kompyuta begani, tayari kwa valvu ya kwanza. Mjomba alichukua ufunguo wake mrefu, akaanza kutembea.

"Mjomba!" alimwita. "Kesho tunywe chai. Mimi na wewe."

Mjomba aligeuka nusu. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwita kwa cheo, hata mbele ya wageni, hata mbele ya meneja.

"Tutaona, Mhandisi," alisema.